Karatu Kabla ya Lango

Wengi wanaopanga safari ya Ngorongoro huipa Karatu usiku mmoja tu. Wanafika jua likizama, wanakula, wanalala, na alfajiri magari yao yameshapanga foleni kwenye lango la Lodoare. Ni hasara. Kreta haieleweki vizuri kwa mtu ambaye hajakaa kwanza kwenye mashamba yaliyo chini yake, kwa kuwa mstari unaotenganisha msitu na mahindi pale juu haukuchorwa na maumbile. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule mwekundu wa volkano. Mstari uliwekwa na watu, tena katika muda ambao wazee wengine bado wanaukumbuka.

Kutoka Arusha ni mwendo wa kilomita zisizofika 160, lami tupu. Makuyuni unaiacha barabara ya Babati na Dodoma, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu, halafu gari linaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto. Lami hii ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla ya hapo, masika yakikolea, malori na magari ya watalii yalikwama pamoja kwenye tope moja. Ukishamaliza mlima unaingia Rhotia, na mambo yanabadilika ghafla: ngano, mbaazi, shayiri, trekta limeegeshwa mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma. Hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali, si langoni.

Nchi hii kwa sasa ni ya Wairaqw zaidi, watu ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu. Lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali, na kitovu chao cha zamani ni milima ya Mbulu upande wa kusini. Huko walibanana vilimani kwa vizazi vingi kwa sababu ya vita vya ng'ombe. Nyumba zao za zamani zilichimbwa ndani ya mteremko na kuezekwa kwa udongo, paa likawa sawa na ardhi, hata mvamizi angeweza kupita juu yake asijue kuwa amepita juu ya watu na mifugo. Tambarare ya Karatu wakati huo ilikuwa malisho ya Wamaasai, na kabla yao Wadatoga.

Kilichofungua tambarare ile ni ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa maelfu, na ndui ikafuatia kwa wenye ng'ombe. Mwezi Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliteremka ndani ya kreta, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba amefika humo. Kando ya njia yake alikuta Wamaasai waliokonda kwa njaa wakiomba chakula. Vitabu vya watalii humsifu kwa kuiona kreta, lakini hali ya watu aliowakuta haipewi hata mstari. Wamaasai wakiwa dhaifu, Wairaqw walianza kuteremka kutoka milimani kuelekea kaskazini, familia kwa familia, na miongo iliyofuata serikali ya kikoloni ikawasukuma zaidi kwa kufyeka vichaka vya mbung'o na kuhimiza kilimo. Karatu ya leo imezaliwa humo.

Wakati huo huo walowezi walikuwa wanaitafuta ardhi hiyo hiyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifungua mashamba ndani ya kreta yenyewe, mmoja karibu na mto Munge na mwingine upande wa Lerai. Adolf alifuga ng'ombe zaidi ya elfu moja na akajaribu kuwafukuza nyumbu watoke bondeni wasimmalizie majani. Ni kama kuifagia bahari. Nyumbu wapo hadi leo, na kilichobaki cha Siedentopf ni misingi ya mawe. Baada ya vita walikuja wawindaji wenye fedha, akiwemo Sir Charles Ross wa kasri la Balnagown, Scotland, ambaye bunduki aliyoibuni iliwatesa askari wa Kanada kwa kukwama kwenye tope la mahandaki. Mwaka 1928 uwindaji ukapigwa marufuku ndani ya kreta, isipokuwa kwenye yaliyokuwa mashamba ya Siedentopf. Yaani hata ulinzi wa wanyama ulianza kwa kuheshimu hati za walowezi.

Nje ya kreta, kwenye miteremko ya Oldeani, Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920 Waingereza walipowaruhusu, wakapanda kahawa. Vita vya Pili vilipozuka wakakamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Shamba moja lililoanzishwa 1929 juu ya mji wa Karatu lilinunuliwa 1948 na James Gibb, na tangu miaka ya 1970 limekuwa likipokea wageni chini ya jina lake. Bei ya kulala pale itakukimbiza, lakini njia za miguu za msituni zilizo jirani zinafikika kwa mtu wa kawaida akiwa na kiongozi na askari wa wanyama. Zinafika kwenye maporomoko ya maji na kwenye mapango ambayo tembo wameyachimba kwa pembe, wakitafuta udongo wenye chumvi. Kwa sisi wengine, tembo wa Karatu ni habari ya mahindi yaliyokanyagwa. Mkulima wa pembeni mwa msitu hulala shambani na tochi na debe la kupiga kelele.

Sasa mstari wenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 ilijumuisha Ngorongoro yote, pamoja na Wamaasai waliokuwa wakiishi humo. Mvutano ulidumu miaka. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka sahihi makubaliano ya kuiachia serikali tambarare za Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikakatwa kutoka kwenye hifadhi ya taifa na kuwa eneo la aina yake, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 8,200, ambamo mifugo, watu na wanyamapori wangeishi pamoja. Wamaasai waliokuwamo walikadiriwa kuwa kama 8,000. Januari mwaka huo huo Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, alianguka na ndege na kufa. Alizikwa ukingoni mwa kreta, na baba yake akazikwa kando yake mwaka 1987. Nguzo ya mawe iko pale barabarani, utaiona tu.

Makaburi ya Wadatoga yaliyo chini bondeni, karibu na msitu wa Lerai, hayana nguzo. Waliishi kwenye kreta kabla ya kushindwa na Wamaasai katika karne ya 19, na wazao wao, wengi wakiwa sasa upande wa Ziwa Eyasi, wameendelea kuyaheshimu makaburi ya wakubwa wao. Mwambie dereva akuonyeshe mahali. Akisema hapajui, jua kwamba amefundishwa simba tu.

Ahadi ya 1959 ilianza kumegwa mapema. Mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa na maboma ndani ya kreta walihamishwa, na mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Mwaka 1992 wakaruhusiwa vibustani vya chakula, mwaka 2009 vikafutwa tena. Katikati ya hayo, mwaka 1979, UNESCO iliiweka Ngorongoro kwenye orodha ya urithi wa dunia. Watu nao wakaongezeka hadi kupita 100,000, na tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera wilayani Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na wapinzani wa mpango wakikataa neno hilo. Sioni jinsi ya kuizuru kreta na kulikwepa suala hili. Boma utakaloliona kando ya njia ya kwenda Olduvai limo ndani yake, hata kama mwenye boma anakuuzia shanga.

Upande wa pili wa lango mambo yalikwenda kinyume: kule jembe lilikatazwa, huku lilihimizwa. Mji ukajaa, wilaya ikamegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, na mwaka 1995 wapiga kura wake wakampeleka bungeni Dk. Willibrod Slaa wa upinzani, wakakaa naye miaka 15. Watu wa Karatu hawapendi kuamuliwa.

Kwa hiyo panga hivi. Fika Karatu mchana, si usiku, na uliza tarehe za mnada. Ukikutana nao, utaona Wamaasai wakishusha mbuzi, Wairaqw wakipima maharage, wanawake wa Kidatoga wakiwa na mavazi ya ngozi, na moshi wa nyama choma ukifunika wote. Siku ya pili panda juu. Malipo ya kuingia yafanye mapema kwa namba ya kumbukumbu, kwa sababu langoni hawapokei fedha taslimu. Beba sweta zito hata kama ni Julai ya jua, ama tuseme hasa Julai: ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na ukungu huwa hauondoki hadi saa tatu. Shuka kwenye kreta, lakini acha nusu siku ya Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus Julai 1959, mwaka ule ule wa kuchora mstari. Makumbusho mapya yalifunguliwa 2017, na humo utaona pia habari za nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6.

Siku ya tatu usirudi Arusha moja kwa moja. Toka Karatu hadi Njia Panda, uteremke Mang'ola. Barabara ni mbovu na vumbi lake linaingia hadi kwenye mkate. Huko wako Wahadzabe, na wako mafundi wa Kidatoga wanaoyeyusha vyuma chakavu na kufua vichwa vya mishale. Lakini mimi ningekaa zaidi kwenye mifereji. Maji ya chemchemi za Mang'ola yanatoka kwenye misitu ya juu, ile ile iliyo nyuma ya mstari wa 1959, na yanamwagilia vitunguu vinavyouzwa hadi Nairobi. Ukinunua gunia, lichunguze kabla ya kulipa: likijazwa kupita kiasi na kushonewa wavu juu, yaani lumbesa, mkulima anakuwa amepunjwa, na dalali ndiye atakayekuambia kwamba hicho ndicho kipimo cha hapa.