Watoro wa Kinamasini
Njia ya Washington Ditch, katika kinamasi cha Great Dismal jimboni Virginia, hufuata mtaro mnyoofu kwa takriban kilomita saba hadi Ziwa Drummond. Msitu una kivuli kizuri, na maji yamekolea rangi ya mkandaa. George Washington aliingia humu mwaka 1763 akitafuta faida ya mbao na mashamba. Mtaro ukapewa jina lake. Waliouchimba walikuwa watumwa, wala jina la hata mmoja wao halimo njiani.

Wengine walizama ndani zaidi, wakaishi juu ya visiwa vya ardhi kavu hadi watumwa walipoachwa huru. Tuwaiteje? Wapo watakaosema “wakimbizi”. Mimi nasema watoro, kama walivyoitwa wale wa Fuladoyo, bara ya pwani ya Kenya, katika karne ya 19. Mkimbizi hukimbia vita au njaa. Mtoro ana bwana anayemdai. Neno lenyewe ni la bwana, naam, ila kwa hilo humtaja naye. Siku hizi tumewaachia watoto wanaokwepa shule.