Mwalimu wa UPE na logi za kaka yangu

Msomaji, ukitoka Maili Moja kwa barabara ya Morogoro ukielekea Mlandizi utapita Kongowe. Naomba usiichanganye na Kongowe ile ya Mbagala. Kuna mjomba wangu alipanda daladala kutoka mjini kuja msibani kwetu akashushwa huko, akatufikia watu wameshatoka makaburini. Hii ninayoisema ni Kongowe ya Kibaha, mkoa wa Pwani, na ndiko nilikosomea shule ya msingi.

Kwenye blogu hii tumezoea kuwaandikia wanasayansi. Leo nataka kumwandikia mwalimu aliyenifundisha darasa la tatu na la nne. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe hapendi makuu. Alianza kufundisha mwaka 1977 akiwa na miaka 17, akastaafu 2020 akiwa na miaka 60. Piga hesabu: miaka 43 ya chaki. Na alipoanza, elimu yake ilikuwa darasa la saba.

Ndiyo, umesoma vizuri. Darasa la saba.

Ili uelewe ilikuwaje, turudi Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa huko ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mpango wa awali ulisema 1989. Yaani kazi ya miaka kumi na mitano ikasogezwa ifanyike ndani ya mitatu. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaja kulifanya suala la mtoto kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima. Mpango wenyewe tuliuita kwa herufi zake za Kiingereza, UPE, na mpaka leo ndivyo wazee wanavyouita.

Madarasa wananchi waliweza kuyajenga wenyewe, kwa miti na udongo ikibidi. Shida ilikuwa walimu. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi kama milioni 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa watu wa kutosha hata vingelala wazi usiku na mchana. Basi Serikali ikafanya jambo ambalo mimi, ninayejifunza utafiti, naliona kama jaribio kubwa kuliko mengi tunayoyasoma: ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wenye miaka 17 hivi, ikawaingiza darasani kufundisha huku wakijifunza ualimu hapohapo. Kuanzia 1976, waliopita njia hiyo walikuwa zaidi ya 40,000.

Mafunzo yalichukua miaka mitatu. Masomo yaliletwa kwa posta na mazoezi yakarudishwa kusahihishwa kwa posta, na kulikuwa na vipindi vya redio. Mratibu wa elimu kata aliwakusanya kwa semina na kuwakagua darasani. Mwishoni walikwenda chuoni wiki sita, wakafanya mtihani, wakatoka na Daraja C, lililokuwa la chini kabisa.

Mtaa nao haukuwa na huruma. UPE ikapewa kirefu kipya: Ualimu Pasipo Elimu. Ukikosea kitu kidogo unaambiwa wewe ni UPE. Hata sisi tuliozaliwa miaka ya tisini tulilirithi tusi hilo bila kujua lilikotoka.

Sitaki kukudanganya kwamba mpango haukuwa na kasoro. Jaribu kujifunza sayansi kwa karatasi na redio, bila maabara, halafu kesho asubuhi uifundishe. Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu, iliyoko Paris, ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu uliowalinganisha walimu hawa na wale waliosoma vyuoni. Ukweli kwamba kulikuwa na swali la kulinganisha hata kidogo, badala ya jibu la moja kwa moja lililokuwa mitaani, mimi unanitosha kuwauliza waliocheka.

Na hapo Kibaha tofauti ilionekana kwa macho. Kilomita chache kutoka kwetu kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Sekondari yake ilikusanya vijana wenye akili sana kutoka nchi nzima, na maabara zilikuwepo. Tunapoandika historia ya sayansi Pwani huwa tunaanzia pale. Lakini kila kijana aliyefika pale alikuwa na mtu aliyemfundisha kujumlisha kwanza.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka 2007 nilikuwa darasa la nne. Wakati huo walimu wa daraja la chini walikuwa wanatakiwa kujiendeleza wafike Daraja A, na kwa aliyeishia la saba maana yake ilikuwa apate kwanza cheti cha kidato cha nne. Mwalimu wangu, na miaka yake 47, akaanza kujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule unaompa mtu aliyekosa sekondari ruhusa ya kufanya cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kaka yangu alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja nikashangaa kusikia hodi, mwalimu huyo mlangoni na daftari kubwa mkononi. Mama akamkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kiti. Nikajua nimesemelewa. Kumbe amekuja kumwomba kaka amfundishe logi.

Walikaa mezani na taa ya chemli katikati. Kaka alikuwa anamwita Mwalimu kila sentensi huku anamfundisha. Alijaribu kumweleza kwa kanuni, ikagoma. Mwishowe akaandika 100 mara 1,000 akamwambia ahesabu sifuri: mbili na tatu, jumla tano, jibu ni 100,000. Logi ya 100 ni 2, logi ya 1,000 ni 3, ukizidisha namba, logi zinajumlishwa. Mwalimu akanyamaza kidogo, halafu akacheka kwa sauti, akapiga meza.

Kesho yake nikawaambia wenzangu darasani kwamba mwalimu anafundishwa na kaka yangu. Walicheka sana. Mmoja akatamka lile tusi kwa sauti, mwalimu akiwa mlangoni.

Hakunichapa, ingawa fimbo ilikuwepo mezani. Aligeukia ubao akaandika 200 × 3,000. Akatuambia tuzidishe 2 na 3, halafu tujumlishe sifuri. Akasema hii amefundishwa jana, na aliyemfundisha ni kijana wa humuhumu Kongowe. Kipindi kikaendelea. Mpaka leo nikitaka kukadiria namba kubwa haraka bila kompyuta nafanya hivyohivyo.

Cheti alikipata, akapanda daraja, akaendelea kufundisha hadi siku ya mwisho.

Mwaka jana nilienda kumwona. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikaanza kuomba radhi kwa kile kisa cha darasa la nne. Akasema hakikumbuki. Sijui kama ni kweli. Akaniuliza ninasomea nini huko chuo kikuu kwa hiyo digrii ya pili, nikamjibu kwa kifupi, kama tunavyowajibu wazee. Akaingia ndani, akatoka na miwani na daftari, akafungua ukurasa mpya, akaniambia nianze upya, taratibu.