Faili Ambalo Mzazi Hakuruhusiwa Kulisoma

Mwaka 1961 baba mmoja wa jimbo la New York alikwenda mahakamani kudai kuona faili la mwanawe. Shule ilikuwa imemwambia kwamba kijana anahitaji matibabu ya kisaikolojia, ila haikutaka kumwonyesha kumbukumbu zake. Baba alishinda. Hata hivyo, hukumu ya jimbo moja haikuweza kung'oa desturi ya nchi nzima.

Katika shule za Marekani, mtoto alifunguliwa faili tangu madarasa ya mwanzo, likamfuata mpaka amalize. Ndani yake mliwekwa alama na mahudhurio, kisha vipimo vya akili na maoni ya walimu juu ya tabia yake na hata juu ya wazazi wake. Katika wilaya nyingi polisi na maofisa wa FBI walilisoma bila amri ya mahakama, huku mzazi akizuiwa. Hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi: neno lililoandikwa na mwalimu mwenye hasira lingeweza kumharibia kijana kazi, naye asijue la kujibu.

Vyuo navyo havikuwa salama. Mwaka 1966, vita vya Vietnam vikiendelea, kamati ya Bunge ilidai orodha za wanachama wa vikundi vya wanafunzi waliopinga vita. Chuo Kikuu cha Michigan kilizitoa.

Machi 1974 mwandishi Diane Divoky alianika siri ya mafaili hayo katika jarida la Parade, lililosambazwa pamoja na magazeti ya Jumapili. Seneta James Buckley wa New York akapeleka hoja Seneti, ikapita bila kujadiliwa kwanza na kamati yoyote. Rais Gerald Ford aliisaini tarehe 21 Agosti, siku 12 tu baada ya mtangulizi wake, Richard Nixon, kung'oka kwa kashfa ya Watergate.

Sheria hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama FERPA, ilimpa mzazi haki ya kuona faili ndani ya siku 45 na kudai makosa yarekebishwe. Mwanafunzi akitimiza miaka 18 au akiingia chuo, haki inahamia kwake. Ndiyo maana mzazi wa Nairobi anayemlipia mwanawe ada Marekani anaweza kuulizia matokeo, akajibiwa kwamba mwanafunzi hajaridhia.

Lakini milango ya kutoa habari bila ridhaa iliachwa: kwa mwalimu anayezihitaji kikazi, kwa shule mwanafunzi anakohamia, kwa amri ya mahakama, na pale afya au usalama unapokuwa hatarini. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, uliongezwa mwingine kwa wapelelezi wa ugaidi wenye amri ya jaji.

Funzo chungu zaidi lilitoka chuo kikuu cha Virginia Tech, Aprili 2007, mwanafunzi alipoua watu 32. Jopo la uchunguzi lilikuta kwamba walimu, polisi wa chuo na washauri walikuwa na vipande vya habari juu yake. Wengi walinyamaza wakidhani sheria inawafunga, wakati kifungu cha dharura kilikuwepo tangu 1974. Mwishoni mwa 2008 kanuni zililegezwa: shule ikiona tishio kubwa inaloweza kulieleza, inaruhusiwa kumwarifu mzazi au polisi. Ila ni lazima iandike tishio lilikuwa lipi na nani aliambiwa, na mwanafunzi ana haki ya kusoma maandishi hayo.