Tuliijua Los Santos kabla ya Dar

Wadau, leo tukumbushane vibanda vya gemu vya Singida mjini. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, gemu la Grand Theft Auto: San Andreas likafuata 2004. Sisi tulilikuta limeshazeeka, pedi zimefutika alama. Misheni tuliwaachia wachache; wengi tulilipia muda ili tuzurure tu. Mji wake wa Los Santos ni Los Angeles ya 1992 iliyopewa jina la bandia, nasi tuliijua mitaa yake kabla hatujaiona Dar. Katika Vice City ya 2002, ukitumbukia majini umekufa. San Andreas ikaruhusu kuogelea! Jamaa mmoja aliyekuwa hajawahi kuiona bahari alimalizia hela zake humo. Ziwa letu Singidani sijaliona katika gemu lolote, na linaniuma hilo. Mwenye picha ya kibanda cha enzi hizo anitumie.