Taarikhi ya Salsa, Chatini ya Watu wa Meksiko

Salsa, ile chatini mbichi ya tungule na pilipili ambayo leo hutengwa mezani katika nyumba za Meksiko pamoja na chapati zao za mahindi, ilikuwa imekwisha zoeleka kabla Hernán Cortés na askari wake wa Kihispania hawajaingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1519. Na lau si bidii ya mtawa mmoja, pengine tungalijua machache mno juu ya ilivyoliwa zama hizo, kwa kuwa wateka nchi aghalabu huandika habari za dhahabu na vita, wala hawashughuliki na mambo ya jikoni.

Mtawa huyo ni Bernardino de Sahagún, wa shirika la Mtakatifu Fransisko, aliyewasili nchini humo mwaka 1529, akajifunza Kinahuatl, lugha ya Waazteki, hata akakimudu barabara, kisha akakaa miaka mingi na wazee wa nchi, na wanachuo wenyeji wa Tlatelolco, akiuliza nao wakimjibu, mpaka ikapatikana kazi kubwa ya vitabu 12 iliyokamilika kiasi cha mwaka 1577. Katika kitabu cha kumi wanatajwa wauza vyakula wa sokoni na michuzi yao ya pilipili za namna kwa namna, nyingine zimekaushwa kwa moshi, zikichanganywa na tungule au mbegu za maboga zilizosagwa. Nami naona fahari ya kazi ile imo humo, kwamba mwanachuoni alitega sikio kwa habari za muuza mchuzi kama alivyotega kwa habari za makuhani na wafalme.

Chombo cha kupondea salsa kilikuwa, na hata sasa ni, molcajete, yaani kinu cha jiwe jeusi la volkano chenye miguu mitatu, na mchi wake mfupi wa jiwe lilo hilo. Jiwe hilo lina vitundu vingi, na kwa sababu hiyo huiponda pilipili hata ukali wake ukaingia katika maji ya tungule, kazi ambayo kisu hakiiwezi. Kitunguu, kitunguu thaumu, giligilani na ndimu vililetwa na Wahispania, na mwanamke wa Meksiko akavipokea vyote katika kinu chake, asiache pilipili yake wala tungule yake.

Mbegu nazo zilivuka bahari. Katika miaka ya 1690, mjini Napoli, uliokuwa wakati huo chini ya ufalme wa Hispania, Antonio Latini alichapisha kitabu cha mapishi, na ndani yake mna tungule za kuchomwa juu ya makaa, zikamenywa, zikakatwakatwa pamoja na kitunguu na pilipili, zikatiwa chumvi, mafuta na siki. Akaunasibisha upishi huo na Wahispania, na wenye asili yake wasitajwe, dhulma ambayo si haki kuinyamazia. Pwani yetu pia ina deni lilo hilo, kwani tungule na pilipili za kachumbari yetu asili yake ni Amerika, na Wareno ni miongoni mwa walioieneza pilipili katika Bahari ya Hindi.

Salsa ya chupa ni ya juzi tu. David Pace alianza kuiuza ya kwake San Antonio, Texas, mwaka 1947, na ilipofika miaka ya 1990 fedha zilizotumika kununulia salsa nchini Marekani zilikwisha zipita zile za sosi ya tomato. Lakini ya chupani hupikwa ili idumu, na ubichi, ambao ndio roho ya chakula hiki, huondoka kwa kuchemshwa.

Basi mwenye kitalu cha tungule nyuma ya nyumba asingoje chupa. Na achume zilizoivia mtini, azichome juu ya makaa mpaka ganda libabuke, aponde kwanza chumvi, thaumu na pilipili, ndipo atie tungule, kisha kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo, giligilani na ndimu. Na iliwe siku hiyo hiyo, kwani ikilala hujitenga maji na ladha yake hupungua.