Mvutano kama Zao la Joto na Taarifa

Wazo kwamba mvutano si nguvu ya msingi, bali huzaliwa na joto na taarifa, lilichipuka kwenye fumbo la mashimo meusi. Gesi ya moto ikitumbukia humo, entropi yake, yaani kipimo cha mvurugiko, hutoweka nayo, jambo ambalo kanuni ya pili ya themodinamiki hailiruhusu. Mwaka 1972, Jacob Bekenstein wa Chuo Kikuu cha Princeton alipendekeza kwamba shimo lenyewe lina entropi, na kwamba entropi hiyo hufuata eneo la uso wake, wala si ujazo.

Stephen Hawking alilipinga pendekezo hilo. Hesabu zake mwenyewe za mwaka 1974 ndizo zilizolithibitisha: shimo jeusi hutoa joto, ingawa lenye tungamo la Jua halifikii hata sehemu moja ya milioni kumi ya kelvini. Miaka miwili baadaye William Unruh alionyesha kwamba yeyote anayeongeza kasi katika ombwe atakuta humo joto. Mwendo na joto vikawa vimefungamana.

Hatua nzito kuliko zote ilikuja mwaka 1995. Ted Jacobson wa Chuo Kikuu cha Maryland aligeuza hoja juu chini: alianza na uhusiano wa joto na entropi, akachukua entropi inayofuata eneo pamoja na joto la Unruh, akafikia milinganyo ya Einstein ya mwaka 1915. Milinganyo iliyodhaniwa kuwa msingi wa maumbile ikaonekana kama kanuni za gesi, ambazo ni matokeo ya chembe nyingi zisizoonekana.

Wakati huo Gerard 't Hooft na Leonard Susskind walikuwa wakidai kwamba taarifa zote za eneo fulani la anga hutosha kwenye mpaka wake. Kwa kuegemea hapo, mwaka 2010 Erik Verlinde wa Amsterdam alipata kanuni ya mvutano ya Newton kutokana na mabadiliko ya entropi. Inesha nayo aliieleza hivyo hivyo: kitu kilichotulia hubaki kimetulia kwa sababu hakuna tofauti ya entropi ya kukisukuma.

Wapinzani walitaja nyutroni zilizopimwa Grenoble zikidunda katika mvutano wa Dunia, ambazo tabia yake ya kikwanta, kwa hoja yao, haipatani na nadharia hiyo. Mwaka 2016 Verlinde aliipanua ili ieleze mizunguko ya galaksi bila maada nyeusi. Margot Brouwer na wenzake waliijaribu kwa zaidi ya galaksi 33,000. Vipimo viliafikiana nayo, lakini viliafikiana na maada nyeusi pia.