Homoni, Kisukari na Kukoma Hedhi: Historia ya Swali Jipya Urambo

Kama mwanamke mwenye kisukari atumie homoni baada ya kukoma hedhi ni swali jipya Urambo, mkoani Tabora, kama lilivyo jipya mahali pengi. Ili liulizwe, mambo matatu yalipaswa kukutana: wanawake wengi wavuke miaka 50, kisukari kiwe ugonjwa wa kawaida, na homoni ziwe dawa ya kununuliwa. Mambo hayo hayakuja pamoja.

Katika miaka ya 1870 Urambo ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, ambaye vita vyake na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, viliivuruga njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Tiba ilikuwa kazi ya wafumu, waganga wa Kinyamwezi waliochanganya mizizi na magome na ramli na matambiko. Mwaka 1879 Mirambo alimpokea Dk. Ebenezer Southon wa Shirika la Misheni la London, naye akafungua kituo katika nchi hiyo. Uchanga wa tiba ya kizungu aliyokuja nayo ulionekana 1882. Southon alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya, na kwa kuwa daktari alikuwa yeye mwenyewe, mkono ukakatwa na mmisionari mwenzake asiye tabibu. Alifariki Julai mwaka huo. Mirambo alifariki Desemba 1884, na mwaka 1898 kituo kikakabidhiwa Wamoravian. Kwa wafumu na kwa wamisionari vilevile, maradhi ya kushughulikiwa yalikuwa homa, vidonda, ndui na matatizo ya uzazi. Kukoma hedhi kulikuwa hatua ya umri, si jambo la kupelekwa kwa mganga.

Maisha ya wakati huo hayakukipa kisukari nafasi kubwa. Chakula kilikuwa mtama, uwele, kunde, mihogo na viazi vitamu vilivyokaushwa kuwa michembe na matobolwa, na kazi ilikuwa jembe, mtwangio na safari ndefu za upagazi. Wanawake nao walifuatana na misafara, wakibeba vyombo na kupika kambini. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikapita Urambo, na misafara ya miguu ikafifia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Urambo ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi uliachwa 1951, na mashamba yaliyosafishwa yakageukia tumbaku. Zao hilo liliingiza fedha mkononi, na fedha zikaleta dukani sukari, mafuta ya kupikia na sembe iliyokobolewa. Jembe halikutoweka, wala kazi ya kukausha majani kwenye mabani, lakini chakula kilibadilika.

Kisukari kilianza kuhesabiwa kwa utaratibu nchini katika miaka ya 1980. Chama cha Kisukari Tanzania kiliundwa 1985. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya upimaji katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: waliokutwa na ugonjwa hawakufika mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili zilitumia makundi na njia tofauti, kwa hiyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, lakini mwelekeo wake haufichiki. Wakati huohuo umri wa kuishi, ambao siku za uhuru ulikuwa miaka arobaini na kitu, umepita 60. Vikongwe walikuwapo tangu zamani, kwa kuwa wastani huo ulishushwa zaidi na vifo vya watoto. Kilichoongezeka ni idadi ya wanawake wanaoishi miaka 20 au 30 baada ya hedhi kukoma.

Homoni zilikuja kwa njia yake. Insulini ilipatikana Toronto 1921 na kumtibu mgonjwa wa kwanza Januari 1922. Aina ya kwanza ya estrojeni, homoni ya kike, ilitengwa 1929, na mwaka 1942 vidonge vya estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi wajawazito vikaanza kuuzwa Marekani. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alitoa kitabu kilichodai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu unaopaswa kutibiwa, na mauzo yakapaa. Mwaka 1975 tafiti zilionyesha kuwa estrojeni ikitumiwa peke yake huongeza saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Tangu hapo mwanamke mwenye mfuko wa uzazi huongezewa homoni ya pili, projestojeni, ili kuulinda.

Pigo kubwa lilikuja Julai 2002, pale utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliposimamisha jaribio la dawa hizo mbili kwa wanawake 16,608. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, waliongezeka 8 wenye saratani ya matiti, 7 wenye ugonjwa wa moyo na 8 wenye kiharusi, huku waliovunjika nyonga wakipungua 5. Wengi waliziacha homoni kwa hofu. Uchambuzi wa baadaye ulitilia maanani kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa wanaoanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi kukoma, hatari ni ndogo zaidi.

Kuhusu kisukari, matokeo yalikwenda kinyume na hofu ya zamani kwamba homoni zitapandisha sukari. Katika jaribio hilo, waliotumia homoni walipata kisukari kipya kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 21, na katika jaribio jingine la Marekani, la wanawake wenye ugonjwa wa moyo, kwa asilimia 35. Estrojeni ikipungua, mafuta hujikusanya tumboni na insulini hufanya kazi kwa shida. Kuirudisha hupunguza hali hiyo kwa kiasi. Hata hivyo homoni hazipendekezwi kama dawa ya kuzuia wala kutibu kisukari. Kazi yake ni kutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke.

Uzito wa swali upo kwenye moyo na mishipa ya damu, kwa sababu kisukari chenyewe huongeza hatari ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kabla ya kuamua, tabibu hupima shinikizo la damu, mafuta ya damu na wastani wa sukari wa miezi mitatu, na huuliza kuhusu uvutaji wa sigara. Aliyewahi kupata saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mishipa kwa kawaida hapewi homoni hizo. Mwenye uzito mkubwa hufaa zaidi kupata estrojeni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi, kwa kuwa hatari yake ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge. Anayesumbuliwa na ukavu pekee hutoshwa na estrojeni kidogo ya ukeni.

Dalili moja hupotosha mara nyingi. Mwanamke anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akiamka usiku ameloa jasho, moyo ukienda mbio, huenda ni joto la kukoma hedhi, na huenda ni sukari iliyoshuka kupita kiasi. Tone la damu la kidole kwenye kipima sukari hutenganisha mambo hayo mawili papo hapo. Anayedhani ni umri tu anaweza kupoteza fahamu kabla ya alfajiri.

Kisukari peke yake, basi, si sababu ya kumnyima mwanamke homoni, wala sukari iliyopanda si sababu ya kumpa. Kinachoamua ni ukali wa dalili, umri, miaka tangu hedhi kukoma na hali ya moyo, na uamuzi huo hupitiwa upya na tabibu kila mwaka.